Mguu Niliojifunga Mwenyewe kwa Fundo la Gunia

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkasoma nusu ya kwanza mkinionea huruma bure. Mguu wangu wa kulia haukuponzwa na jini, wala na husuda ya mtu, wala na dawa za hospitali. Niliufunga mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikakaza kwa fundo la kufungia gunia la korosho. Mlango nikautia komeo ili mtu asinione. Kisha nikafungulia redio. Aliyefanya hayo ni mtu mzima, mwenye mke, aliyemaliza kidato cha nne. Na kwenye mtihani wa baiolojia, swali la mzunguko wa damu nililijibu vizuri kuliko yote.

Naitwa Chande. Naishi Nachingwea mjini, na hayo yalitokea miaka ile ya elfu mbili, simu za mkononi zilipoanza kuingia na redio bado zilikuwa zinaheshimiwa. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio, barazani kwangu. Nilipenda kazi hiyo kwa sababu mgonjwa ndiye anayemfuata daktari. Mke wangu Sofia alikuwa akiamka alfajiri kwenda shamba Nambambo, kwenye ufuta, na akirudi jioni alinikuta palepale aliponiacha. Alikuwa akiuliza, "Umekunywa maji leo, au nikumwagilie?"

Upande wa pili wa uzio wetu wa mabua anakaa Bi Somoe. Mume wake alifariki zamani. Msimu wa korosho ukifika yeye hubeba magunia ghalani pamoja na vijana wa kiume, na vijana ndio hupumzika kwanza. Ana mabega, ana sauti, na hana kitu anachokificha tumboni. Akipita barazani kwangu alikuwa akisema, "Chande, simama basi, hata kidogo, tuone kama bado mrefu." Nilikuwa nacheka. Moyoni sikuwa nacheka.

Mguu ulivunjika hivi. Nilitaka redio yangu ishike vizuri, nikaona nipandishe waya juu. Mwembe ulikuwa mbali, hatua kama za kwenda msikitini. Mpapai ulikuwa karibu. Nikapanda mpapai. Ndugu zangu, mpapai si mti. Mpapai ni mboga iliyorefuka. Nilipofika kwenye mapapai ukakatika katikati, tukaja chini wote, mimi, waya na mapapai, na nikausikia mfupa wa muundi ukilia, chini kidogo ya goti, kama muhogo mkavu unapovunjwa.

Hospitali walinifunga ile plasta ngumu, kutoka kwenye paja mpaka vidoleni. Nilikaa nayo miezi. Ndani kulikuwa kunawasha mpaka nalia, nikawa najikuna kwa spoku ya baiskeli, na spoku ikitoka ilikuwa inanuka kama samaki aliyesahaulika. Lakini nisiwafiche: kwa mtu wa aina yangu ilikuwa likizo. Nilikuwa na ruhusa ya daktari ya kukaa.

Siku ya kuikata nilikuta mguu wa mtu mwingine. Ngozi imepauka na kubanduka kama ya kitunguu, nywele zimekuwa ndefu, goti halikunjiki. Paja lilikuwa limekwisha. Nililizungushia viganja viwili, vidole vikagusana. Sofia akageuka akatazama dirishani. Alikuwa anacheka au analia, mpaka leo hajaniambia.

Sasa niwaambie kwa nini mguu huo ulikuwa na haraka. Nina dada mmoja tu, Mwanaidi, ameolewa Likunja, wilaya ya Ruangwa. Mtoto wake wa kiume, Shaibu, alikuwa aingie jandoni mwaka huo. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Siku wali, yaani wavulana wa jando, wanapotoka, mjomba humpandisha mwali wake mabegani, humtoa ukingoni mwa pori na kumfikisha kwenye mkeka wa mama yake, ngoma ikiwa mbele. Mtoto asiye na wa kumbeba huja kwa miguu, nyuma ya wenzake walio juu, na wageni huulizana, "Huyu hana kwao?" Mwanaidi hana kaka mwingine. Mjomba wa Shaibu ni mimi, na hilo paja la viganja viwili.

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo pale hospitali, nitamwita Bwana Luka. Mtu mpole, anazungumza taratibu kama anayehofia kukuvunja. Nikamweleza habari ya Shaibu. Nikamuuliza, "Mwezi wa nane nitaweza kumbeba?"

Akalipapasa paja, akashika kifundo cha mguu. "Tatizo ni hili, kaka. Mfupa wako bado mchanga, hautaki mzigo mkubwa. Na msuli bila mzigo mkubwa haukui. Sasa sisi tutaudanganya msuli."

Akatoa mkanda wenye kifuko cha kujaza upepo, kama kile cha kupimia presha, ila mpana, wa kuenea paja. Alifundishwa chuoni na mwalimu mmoja Mjapani aliyekuja kufundisha. Akanivalisha juu kabisa ya paja, akapampu huku anatazama kipimo, na mkono mwingine uko juu ya unyayo wangu, anatafuta mapigo ya damu. "Damu inayoshuka lazima ipite," akasema. "Hii inayorudi ndiyo tunaichelewesha kidogo. Msuli unachoka upesi, unadhani umebeba gunia." Alichonitundikia mguuni kilikuwa kimfuko cha mchanga, hata mtoto angekirusha.

Nikacheka. Nikaanza kunyanyua. Mara za kwanza si kitu. Halafu paja likaanza kuwaka, kama mtu amelipasua, akapaka pilipili, akalishona tena. Jasho likanitoka masikioni. Bwana Luka hakuniachia macho. Mara anatazama kipimo, mara anabonyeza ukucha wa kidole gumba kuona kama wekundu unarudi. Tukimaliza alikuwa anafungua upepo, na damu inarudi na joto tamu la kuoga maji ya moto.

Kabla sijatoka aliniambia, na nanukuu kwa sababu baadaye alinirudishia maneno hayohayo: "Mkanda huu una kipimo, una mlango wa kutolea upepo, na una mimi. Nyumbani huna hata kimoja. Usijaribu nyumbani."

Nikaitika, "Sawa, Bwana Luka." Kwa heshima zote.

Na ilifanya kazi. Sikuamini, lakini ilifanya. Vidole vyangu vikaacha kukutana. Magongo mawili yakawa moja. Goti likaanza kukunjika, kwa kelele. Sofia alikuwa ananisukuma kwa baiskeli mpaka hospitali na kunirudisha, na siku moja akasema nimeanza kuwa mzito. Nililichukua kama sifa.

Mwezi wa sita Shaibu akaingia jandoni. Mwanaidi akaja Nachingwea kuniambia. Akanikuta barazani, gongo limeegemezwa ukutani, akalitazama gongo kabla ya kunitazama mimi.

"Kaka, mashemeji wameanza maneno. Wanasema mjomba gani huyu, wa kubebwa. Baba yake mdogo amesema atambeba yeye."

"Wewe umewajibuje?"

"Nimesema kaka yangu atakuja." Akalitazama gongo tena. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Utakuja kukaa, au utakuja kubeba?"

Nikamjibu kubeba. Akaondoka. Kesho yake nikaenda kwenye mazoezi, nikaambiwa Bwana Luka amekwenda Lindi kwenye semina na hatarudi wiki hiyo. Hapo ndipo akili yangu, ambayo kwa kawaida imekaa kama mwenyewe, ikainuka ikaanza kutembea.

Niliwaza hivi: kama kubana kidogo na kubeba mchanga kumenipa hivi, basi kubana sana na kubeba kitu cha maana kutanipa mara mbili. Na kubana nilikujua. Nimekulia Kilimarondo, mtu akiumwa na nyoka shambani tulikuwa tunamfunga mguu kwa mpira wa baiskeli, tunakaza mpaka anasahau nyoka. Siku hizi wataalamu wanakataza, lakini ndivyo tulivyokua. Na kufunga fundo nilikujua zaidi. Nikiwa shule, likizo nilifunga magunia ya korosho ghalani. Fundo la gunia kila linapovutwa linajing'ata zaidi. Ndiyo sifa yake: likishafungwa halifunguliwi, hukatwa. Nilikumbuka kulifunga tu. Kwamba hukatwa sikukumbuka.

Sofia akaenda ufutani. Nikatia komeo, kwa sababu mazoezi yenyewe nilikuwa nayafanya na kanga yake kiunoni na juu sina kitu, na Bi Somoe ana tabia ya kuchungulia. Nikauzungusha mpira juu ya paja, nikavuta kwa meno na mkono, nikapiga fundo. Kwa mzigo nikachukua betri la lori lililokufa, nikalifunga kamba kwenye kifundo cha mguu, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Redioni mechi ilikuwa inaanza. Timu yangu siitaji, aibu niliyonayo inatosha.

Nikanyanyua betri. Moto ukaja, mkali kuliko wa hospitali. Nikajisemea, huu ndio wenyewe. Nikapumzika bila kufungua, kama tulivyokuwa tukifanya kwa Bwana Luka, ila kwake mapumziko yalikuwa mafupi na kwangu kulikuwa na mechi. Wakapata kona. Nikasubiri kona ipigwe. Wakapata nyingine. Kufika mapumziko ya mechi, moto ulikuwa umekwisha. Nikadhani nimezoea. Kumbe mguu ulikuwa umeacha kunisemesha.

Nilipotazama chini niliona mguu wa rangi ya zambarau iliyoiva, kucha za buluu kama wino wa shule. Nikabonyeza dole gumba, nyama ikabaki nyeupe, haikurudi. Nikagusa unyayo, wa baridi, na unyayo haukujua kwamba umeguswa. Nikarukia fundo. Paja lilikuwa limevimba juu na chini ya mpira, na fundo limezama katikati kama limemezwa. Kucha zangu hazikulipata. Nikachukua bisibisi nichokonoe, nikachubua ngozi, damu nyeusi nzito ikatoka. Mkasi sikuuona. Kisu kilikuwa kwenye jiko la uani. Nikajaribu kusimama, mguu ukakunjika kama nguo, nikaanguka na betri.

Na sasa nafika kwenye aibu hasa, ambayo ya mpira na fundo ni mdogo wake. Nikiwa pale chini nilimsikia Bi Somoe anafagia uani kwake. Hatua chache kutoka kwangu. Chakacha, chakacha, anaimba. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Sikufungua. Akilini nilimwona akiingia, akiniona na kanga, na mpira, na betri. Nilisikia atakavyocheka. Nikajiambia nitamsubiri Sofia, na Sofia hurudi jua likiinama. Kipindi cha pili cha mechi kilianza nikiwa sakafuni nasikiliza ufagio wa jirani, mguu unakufa, na mimi nachagua. Nilichagua mguu ufe. Nimeandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka nilikuwa nikisimulia kwamba nilizimia.

Kilichonitoa sauti si akili. Maumivu yalipanda kutoka kwenye fundo mpaka kinenani, yakanishika kama kono la mtu, nikapiga yowe la mbuzi.

Ufagio ukanyamaza. "Chande?"

"Bi Somoe!"

"Nyoka?"

"Hapana!"

"Sasa nini?"

Sikujua niliite nini. Nikasema, "Njoo na kisu."

Komeo halikumchelewesha. Aliingia na mlango. Akasimama, akatazama kanga, betri, mpira, redio inayotangaza. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Akapiga goti, akaingiza kisu cha jikoni chini ya mpira, ubapa kwenye ngozi, akakata kwa mkupuo mmoja.

Damu iliporudi niliona nyota mchana. Ilikuwa kama mguu umejazwa misumari ya moto kutoka juu kwenda chini. Nikatapika kwenye mkono wake. Akajipangusa kwa kanga ya Sofia na kusema, "Shika shingo."

"Bi Somoe, subiri tuite baiskeli..."

"Shika shingo, we mwanaume!"

Akanipandisha mgongoni, kama anavyopandisha gunia, akaingia barabarani. Njia ya hospitali inapita sokoni. Nilifumba macho nikidhani nami sitaonekana. Nikasikia mama mmoja kwenye meza za nyanya akiuliza, "Somoe, mwali wa wapi huyo?" Mwingine akapiga kigelegele, na soko zima likaitikia. Mimi niliyetakiwa kumbeba mwali, nilipita katikati ya Nachingwea nimebebwa, kanga kiunoni, napigiwa vigelegele. Bi Somoe hakujibu mtu. Alikuwa anapumua tu, na kunipandisha nilipoteleza.

Siku ile ile mkojo wangu ulitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Daktari akautazama, uso wake ukabadilika. Akanieleza kwamba msuli ulionyimwa damu huoza kidogo, na uchafu wake ukirudi kwenye damu unaweza kuziba figo. "Mguu bado hatujui," akasema. "Lakini kwanza tuokoe figo." Wakanitundikia chupa za maji mfululizo. Sofia alikaa na mimi akipima kila nilichokojoa, bila neno. Nilitamani anitukane. Mkojo ulipoanza kuwa mweupe, akasema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa kwenda Likunja. Ningekwenda nikawaambia mimi." Kisha akatoka nje kulia.

Figo zilipona. Mguu ulibaki nusu. Unyayo ulining'inia, vidole haviinuki, nikitembea vinakwaruza sakafu.

Bwana Luka akarudi kutoka Lindi. Akasimama pembeni ya kitanda changu, akatazama ile alama ya mpira iliyozunguka paja kama kamba. "Kaka Chande," akasema, "mimi nimekukosea nini?"

Nikavuta shuka juu ya ile alama.

"Umeniitikia vizuri kabisa. Mganga mkuu ananiambia niuache ule mkanda, watu watakwenda kujifunga majumbani. Nina wagonjwa wengine watatembea kwa mkanda ule. Niwaambie nini?"

Nikamwambia niache niwaambie mimi. Nilisema kwa uchungu tu, lakini akalishika neno. Ikawa ndiyo adhabu yangu. Kila siku ya mazoezi nilikaa kwenye benchi ya nje, suruali imekunjwa mpaka pajani, na kila mgonjwa mpya aliletwa kwangu kwanza. Nilisimulia komeo, betri, mechi, yote isipokuwa ule ufagio wa jirani. Walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu waliitazama ile alama na kicheko kikakatika. Mkanda haukuachwa. Ushuhuda huu mnaousoma ulianzia kwenye benchi ile.

Mimi mwenyewe nilianza upya, kwa aibu na kwa taratibu. Mwanzoni mkanda nilikatazwa hata kuugusa. Nilikuwa nainua vidole tu, navikazia macho kama redio isiyotaka kuwaka, mpaka siku moja kidole gumba kikajibu. Unyayo ukafuata. Ndipo Bwana Luka akanivalisha tena mkanda, kwa upepo mdogo, na kile kimfuko cha mchanga nilichokidharau. Safari hii sikucheka. Nilihesabu kama mtoto anayeswali mbele ya baba yake.

Mwezi wa nane nikamuuliza lile swali. Akafikiri sana. "Kutoka ukingoni mwa pori mpaka kwenye mkeka ni mbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka getini."

"Mbebe. Usicheze naye. Ukihisi goti linatetemeka, mshushe, hata watu wakisema."

Tukaenda Likunja, mimi, Sofia na Bi Somoe, ambaye Mwanaidi alimwalika kwa heshima zote. Wali walipotoka, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, nguo mpya, nikachuchumaa. Shaibu akanong'ona, "Mjomba, utaweza?" Nikamwambia, "Panda kabla sijafikiri." Nikainuka. Paja likawaka moto ule ule ninaoujua. Baba yake mdogo alikuwa pembeni, mikono tayari kudaka. Nilitembea unyayo unakwaruza, ngoma ilibidi ipunguze mwendo kunisubiri, na wengine wote walifika kabla yetu. Lakini tulifika. Mwanaidi akampokea mwanawe kutoka mabegani kwangu, akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Umekuja kubeba."

Alhamdulillahi. Namshukuru Mungu aliyeniachia figo, na Bwana Luka aliyenivumilia, na Sofia. Kwenu mnaougua, mguu au kitu kingine, neno langu ni fupi. Dawa iliyokusaidia kidogo haikudai uiongeze, muulize aliyekupa. Na ukikwama, ita mtu. Ita mapema, ita yule yule unayeogopa atakucheka. Kicheko chake kinapita. Alama ya mpira ninayo mpaka leo, na mvua ikikaribia inanikumbusha.

Siku ile ya Likunja, watu walipokaa kula, nilipata kichwa kidogo. Wazee walikuwa wananipa mkono, mashemeji wamenyamaza. Nikasimama mbele ya wageni nikitaka kumshukuru Bi Somoe kwa maneno mazuri niliyoyaandaa tangu Nachingwea. Sikuyafikisha mbali. Alikuwa ameshika sahani yake ya wali na nyama, akanikatiza bila kuinua macho:

"Kaa chini, Chande. Mwali wa kwanza mwaka huu ni wewe, na aliyekubeba ni mimi. Na ulikuwa mzito."